Neno la Persis Lililokosekana Kwenye Karatasi

Ilikuwa Jumanne, siku ya kuchuma. Persis aliamka kabla yangu kama kawaida, akawasha moto, akaweka sufuria. Mimi nilikaa kwenye kiti changu cha karibu na mlango. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye shamba la chai. Jogoo alikuwa ameingia jikoni, nikamsikia Persis akimwambia kwamba huo ni upuzi, atoke. Jogoo akatoka.

Akanipa chai kwenye kikombe cha bluu. Nikanywa. Nikamwambia chai ni tamu. Sijui kwa nini nilisema. Mimi si mtu wa kusema mambo ya namna hiyo. Alisimama na birika mkononi, akanitazama, akanijibu, halafu akacheka mpaka ikabidi aweke birika chini. Akafunga leso, akachukua kikapu, akateremka shambani.

Saa nne jirani alimkuta ameketi kati ya mistari ya chai, kikapu kimefika nusu, hawezi kuinua mkono wa kushoto. Tukampeleka hospitali. Alikaa siku mbili bila kusema kitu. Alhamisi asubuhi akaenda. Walisema ni presha.

Hayo nimeyapita upesi kwa sababu siyo ninayotaka kuandika. Ninayotaka kuandika ni kwamba nusura tumzike mwanamke mwingine. Jina lilikuwa la Persis na picha ilikuwa ya Persis, lakini maisha yaliyosomwa hayakuwa yake. Na kosa lilikuwa langu.

Mimi ni Ogari, wa hapa chini ya Ekerenyo. Shule sikwenda, nilichunga ng'ombe za baba. Herufi nilifundishwa na Persis tukiwa tayari tuna watoto wawili. Yeye alifika darasa la tano kwao Marani. Tulitumia Biblia ya Kiswahili, kwa hiyo herufi ziliniingia kwa Kiswahili na zimekaa hivyo. Tena wajukuu wa Nairobi, ambao nao watasoma haya, hawasikii Kigusii. Nilipokosea kusoma aliniambia huo ni upuzi, akarudisha kidole changu mwanzo wa mstari. Hakuwahi kuchoka. Mimi ndiye niliyechoka.

Neno hilo, upuzi, alilitoa Kericho. Kabla sijamwoa alikuwa amechuma chai huko miaka miwili, kwenye shamba kubwa la watu. Kulikuwa na nyapara aliyepita kwenye mistari akiangalia vikapu. Akikuta jani gumu, anamwaga kikapu chote chini na kusema, upuzi. Hasemi lingine. Persis alimwagiwa mara moja, siku ambayo alikuwa na homa. Aliokota jani moja moja mpaka jua likazama. Aliporudi kwao alikuja na blanketi, sanduku la bati, na neno hilo.

Hata tukiongea Kigusii, hilo alilisema kwa Kiswahili.

Mimi nililisikia mara ya kwanza siku niliyoenda kwao kumwona. Nilienda na mshenga, mzee mwenye maneno mengi, ndiyo maana nilimchukua. Tukaketi. Baba yake akaniuliza habari za kwetu, mshenga akajibu. Akaniuliza mifugo yetu, mshenga akajibu. Akauliza kama huyu kijana huwa anaongea, mshenga akasema anafikiria. Persis alileta uji, akaweka, akatoka. Sikumwangalia. Wakati wa kuondoka alikuwa amesimama langoni na mtungi. Mshenga alitangulia kidogo. Persis akaniambia polepole, wengine wasisikie:

"Umetoka Ekerenyo mpaka hapa kuja kuangalia viatu vyako? Huo ni upuzi."

Viatu vyenyewe vilikuwa vya kuazima. Nilimwambia hivyo. Akacheka, na mimi nikajua nitarudi.

Sasa nieleze alivyolitumia, kwa sababu mtu asiyemjua anaweza kufikiri alikuwa mwanamke wa matusi. Hakuwa. Katika maisha yake yote sikumsikia akimwita mtu mjinga au mpumbavu. Kwake upuzi ulikuwa kitu kinachomshika mtu, kama matope yanavyoshika mguu. Mtu akiambiwa, anapangusa, anaendelea na safari. Mvua ya mawe kwenye maharagwe ilikuwa upuzi. Goti lake la kulia lilikuwa upuzi tangu alipofika miaka sitini. Mwanasiasa akija na leso za bure, alichukua leso, akasema asante, na gari likiondoka akasema ule ni upuzi, na leso akaivaa.

Siku za soko alipeleka ndizi Daraja Mbili. Aliuza karibu na Drusilla, rafiki yake wa miaka mingi. Drusilla ananiambia kwamba mteja akiminya ndizi zote halafu aondoke bila kununua, Persis alimwita arudi, anamwambia, mama, huo ni upuzi, ukishaminya umeoa. Wateja walicheka wakanunua. Mimi nikijaribu neno hilo hilo naona watu wamekasirika. Sijui alilisema vipi. Nadhani ni kwa sababu alijiambia mwenyewe kwanza. Akiunguza mboga, akisahau jembe kwenye mvua, nilimsikia: Persis, upuzi gani huu.

Kuna mwaka mmoja hakulisema.

Mtoto wetu wa pili, Mose, alifariki akiwa na miezi saba. Watu walikuja, wakasema yale yanayosemwa. Persis aliitikia wote vizuri. Alilima, alipika, alienda kanisani. Lakini neno likapotea. Jogoo aliingia jikoni akamtoa kwa mkono tu, kimya. Mimi niliona. Nilipasua kuni. Mwaka huo tulikuwa na kuni nyingi kuliko watu wote wa huku.

Halafu siku moja mbuzi aliingia ndani ya nyumba. Tulikuwa wote shambani. Tuliporudi tulimkuta amesimama kitandani, anatafuna kofia yangu ya kanisani, kipande cha ukingo kinaning'inia mdomoni, anatutazama kana kwamba sisi ndio tulioingia kwake. Persis akasimama mlangoni. Akamwangalia mbuzi, akaniangalia mimi.

"Upuzi," akasema.

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Nililia kwa ajili ya Mose, jambo ambalo sikuwa nimelifanya. Yeye alikuja akanikuta, akakaa chini kando yangu kwenye kuni.

Sasa habari ya karatasi.

Mtu akifa kwetu siku hizi, kamati ya mazishi inakaa, na kitu kimoja wanachofanya ni kuchapisha karatasi yenye picha, nyimbo, ratiba, na historia ya marehemu. Kijana wetu Anyona anafanya kazi ya ofisi Kisii mjini. Hiyo kazi ilimwangukia yeye. Alikuja nyumbani Jumapili, nilikuwa napukuchua maharagwe.

"Tata," akasema, "kwenye historia ya mama tuandike nini?"

Nikamwambia aandike kama watu wanavyoandika.

Jumatatu akauliza tena. Nikamjibu vile vile. Jumanne akanipigia simu, akasema nimpe hata kitu kimoja mama alichopenda. Nikasema alipenda kazi. Akangoja kwenye simu. Nilimsikia anangoja. Sikuongeza kitu.

Sikuwa nimekosa la kusema. Lilikuwa limejaa mpaka hapa, lakini mlango wangu ni mdogo.

Basi Anyona, kati ya mochari na jeneza na tenti na wageni, alipeleka mistari mitatu kwenye duka la kuchapisha mjini. Kijana wa duka akamwambia historia ni fupi sana, ukurasa utabaki mtupu, itakuwa aibu. Akasema anayo nyingine iliyotengenezwa vizuri, ya mama mwingine wa huku huku, wanaweza kubadilisha majina. Anyona alikuwa amechoka. Akasema sawa. Baba yake alikuwa amemwambia aandike kama watu wanavyoandika.

Tulizika Ijumaa. Kwa sisi Waadventista Ijumaa ina haraka yake, maana jua likizama Sabato imeingia, na watu wanatakiwa wawe wameoga na kufika kwao. Mzee wa kanisa letu, Manasseh, ndiye aliyeshika saa. Kaburi lilikuwa tayari upande wa kushoto wa nyumba, mahali pa mwanamke. Asubuhi nilipewa karatasi. Picha ni nzuri, ile ya ubatizo wa mjukuu, amevaa kitambaa cheupe. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza kwa ajili ya wageni wa ofisi. Sikuweza kusoma. Niliikunja nikaweka mfukoni.

Mke wa Anyona, Joyline, ndiye aliyesoma historia. Alisoma kipande kwa Kiingereza, halafu akakitafsiri ili wote tusikie. Mwanzo ulikuwa sawa, kuzaliwa Marani, wazazi, ndoa, watoto. Halafu akasema marehemu alikuwa mtu wa maneno machache.

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikainua kichwa.

Joyline akaendelea. Marehemu alikuwa mpole na mnyamavu. Hakuna aliyewahi kumsikia akitoa neno kali. Alipenda maua, na sauti yake kwenye kwaya itakumbukwa.

Persis hakupanda ua hata moja, alisema maua hata ng'ombe hayali. Kwenye kwaya waliwahi kumweka, wakamtoa wenyewe kwa upole. Niliona sauti ya Joyline inapungua, maana yeye pia alimjua mama mkwe wake. Lakini karatasi iko mkononi, na wageni wanafuata kwa kidole, angefanya nini. Upande wa akina mama wakaanza kutazamana. Nikamsikia Drusilla akimwuliza mwenzake, na Drusilla ni mtu wa sokoni, hana sauti ndogo:

"Kwani leo tunazika nani?"

Anyona alikuwa mbele yangu. Aliinamisha kichwa mpaka nikaona mfupa wa shingo. Wenzake wa ofisi walikuwa wamemzunguka.

Nikajua kitu kimoja. Joyline akimaliza, wataimba, watabeba jeneza, na watashusha chini mwanamke mpole aliyependa maua. Wangu atabaki nje. Wajukuu watakua na hiyo karatasi, watasema bibi yetu alikuwa mnyamavu. Na aliyemnyamazisha ni mimi.

Kwenye ratiba sikuwa na nafasi ya kusema. Iliandikwa mume wa marehemu atawakilishwa. Nilitaka hivyo mwenyewe. Nikasimama.

Joyline akanipa kipaza sauti bila kuuliza. Mzee Manasseh akaja karibu, akaninong'oneza kwamba anaelewa, lakini jua halingoji. Nikamwambia nitasema kidogo. Akarudi nyuma, hakukaa.

Niliwaambia huyo aliyesomwa simjui. Niliwaambia kijana wangu aliniuliza mara tatu, mara zote nikamfungia mlango, kwa hiyo asilaumiwe. Nikasema maneno machache ni yangu mimi, wote wananijua. Karatasi imechukua tabia yangu ikampa yeye.

"Persis alikuwa na maneno mengi," nikasema. "Na moja mnalijua. Lisemeni."

Watu waliinamisha macho. Mahali penyewe ni mazishini, wachungaji wako, wageni wako. Nikangoja. Kwa kungoja sina shida. Halafu upande wa akina mama ukatoka mnong'ono, wengi pamoja, kama watu wanaoitikia sala:

"Upuzi."

Basi nikawaeleza. Nikawaambia habari ya viatu vya kuazima. Nikawaambia habari ya nyapara wa Kericho, na kwamba neno alilopigwa nalo yeye hakumpigia mtu, alilirudisha nyumbani akafukuzia nalo kuku. Nilipofika kwa mbuzi na kofia, watu walicheka. Walicheka jeneza likiwa pale. Drusilla alicheka mpaka akafunika uso na leso, na nilipomwangalia tena alikuwa analia. Anyona aliinua kichwa. Habari ya mwaka wa kimya nayo niliisema, hiyo kwa maneno machache zaidi. Sijawahi kuongea kiasi hicho katika maisha yangu.

Manasseh akaja akashika kipaza sauti. Nilidhani ananinyang'anya. Ni lazima niseme kwamba yeye na Persis walikuwa na habari yao. Miaka iliyopita, kwenye mkutano wa kanisa, Manasseh alileta hoja ya kununua kiti kikubwa cha mbele, cha mchungaji mgeni, chenye mito myekundu. Watu wote wakakubali kwa heshima. Persis akainua mkono. Akasema, mzee wetu, kwa heshima, huo ni upuzi, choo cha akina mama hakina mlango. Manasseh hakumsalimia mwezi mzima. Wengine walitaka aitwe mbele aombe radhi. Hakuitwa. Kiti hakikununuliwa.

Sasa alisimama kando ya jeneza, saa bado iko mkononi, akaangalia watu.

"Mlango wa choo upo mpaka leo," akasema. "Tuimbe, jua linashuka."

Tukazika. Udongo ulimalizika jua likiwa bado juu ya migomba, na watu wakafika kwao kabla ya Sabato.

Jumapili Anyona alikuja na gunia kukusanya zile karatasi zilizobaki. Alitaka kuzichoma. Zilikuwa nyingi, hatukujua tuchapishe ngapi. Alisema anaona aibu kuziangalia. Nikamwuliza mama yake angesemaje akiona mtu anachoma karatasi safi. Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu hospitali. Tukakata picha tukawapa wale waliotaka. Ukurasa wa mwisho wa kila moja hauna kitu, ni mweupe wote. Anyona akazipanga mezani, akaweka kalamu juu.

"Tata, andika wewe," akasema. "Mimi nitapeleka. Safari hii sitaruhusu mtu abadilishe."

Ndizo ninazoandikia. Huu ni ukurasa wa kumi na nne, herufi zangu ni kubwa. Naandika asubuhi, hapa karibu na mlango, nikishakamua ng'ombe. Chai napika mwenyewe. Haijakaa sawa bado. Jogoo anaingia jikoni na hakuna anayemwambia kitu, kwa hiyo anakaa humo.

Kuna jambo moja sikulisema siku ya mazishi. Nililiacha makusudi, nikaona ni langu peke yangu, nibaki nalo. Nimekaa nalo majuma sita. Jana nikaona ni ile ile tabia yangu, ya kufungia kitu ndani mpaka mtu mwingine aje aweke maua mahali pake. Basi nalitoa.

Ni lile jibu la Jumanne. Nilikuwa nimeshika kikombe cha bluu. Nilikuwa nimemwambia chai ni tamu. Alisimama na birika, akanitazama kwa muda, ule mtazamo wa langoni kwao Marani, akasema:

"Huo nao ni upuzi, mzee. Miaka arobaini na saba unakunywa chai yangu, leo ndio umeonja?"